Kitufe kimoja, mishumaa minne: shajara ya taa za Majilio kigangoni Luchelele, Mwanza

Novemba 9, 2024

Kamati ya kigango imepitisha mpango wetu wa taa za Majilio. Hoja haikuwa fedha, maana pikseli (taa ndogo, kila moja inaamriwa rangi yake), pawa saplai na kontrola (bodi zinazoziamuru) tunazo tangu mwaka jana. Hoja ilikuwa katekista. Mwaka jana taa zilianza mbwembwe hata wiki ya kwanza ya Desemba haijaisha, nyekundu na kijani zikikimbizana ukutani, ilhali padre yuko altareni na vazi la zambarau. Safari hii mzee akawahi kusema kabla kikao hakijachangamka: "Vijana wangu, Majilio iwe Majilio. Noeli itakuja yenyewe, haihitaji kusukumwa."

Tulichokubaliana ni hiki. Mishumaa minne ya bomba la PVC itasimama juu ya mwamba ulio mbele ya kanisa, kila mmoja umezungushiwa pikseli 100. Juu ya mwembe itakaa nyota ya pikseli 250. Kwenye njia ya kuingilia kutakuwa na kitufe kimoja kikubwa, kimo cha mtoto. Asipobonyeza mtu, pote giza. Akibonyeza wiki ya kwanza ya Majilio, unawaka mshumaa mmoja. Wiki ya pili miwili. Ya tatu mitatu, na huo wa tatu ni wa rangi ya waridi. Ya nne yote. Baada ya nusu dakika vinazima. Mkesha wa Noeli kitufe kilekile kinawasha kila kitu pamoja na nyota.

Katekista akaridhika. Mwenyekiti akaridhika zaidi aliposikia neno giza, kwa sababu luku hainunuliwi na malaika.

Novemba 12

Leo tumebishana na kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, anayesomea umeme chuoni. Yeye anasema, "Kaka, kontrola zenyewe zina sehemu ya kuunga kitufe. Tukiunga pale pale, tumemaliza." Ni kweli zina. Ni bodi mbili ndogo za kompyuta, ESP32, zenye programu ya kuendesha taa iitwayo WLED, moja nyuma ya mishumaa inapokea kwa kebo, nyingine juu ya mwembe inapokea kwa wayafai. WLED inakubali kitufe, na inatofautisha hata mbonyezo mfupi na mrefu.

Tatizo ni kwamba kitufe kilichoungwa kwenye kontrola ya mishumaa hakijui kama nyota ipo. Kila kontrola inaona taa zake tu. Anayejua habari yote ni mmoja, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyoko sakristia, yenye programu ya kuchezesha taa, Falcon Player, ndani. Hiyo ndiyo inayosoma mfuatano wa rangi tuliotengeneza kwenye programu ya xLights na kuugawa kwa kila kontrola mara 40 kwa sekunde. Kitufe kikiamuru kontrola moja wakati Pi nayo inaendelea kutuma, hapo pana mabwana wawili na taa hazitajua zimsikilize nani.

Nimemchorea kwenye karatasi. Lugha inayopita kati ya Pi na kontrola ni E1.31. Mzizi wake ni DMX512, kanuni iliyotungwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya taa za jukwaani: chaneli 512, kila moja ina thamani kuanzia 0 hadi 255. E1.31 ilichukua chaneli zilezile ikazifunga kwenye pakiti za mtandao, na kila fungu la 512 linaitwa yunivasi. Pikseli moja inakula chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, kwa hiyo yunivasi moja inabeba pikseli 170 na chaneli mbili zinabaki bure. Mishumaa yetu ina chaneli 1,200, yaani yunivasi tatu. Nyota ina 750, yunivasi mbili.

Watumaji wawili wakiingia yunivasi moja, taa zinapepesa kama zina degedege. Kanuni yenyewe imeweka daraja la kipaumbele kuanzia 0 hadi 200, kawaida ni 100, ila si kila kipokezi kinaliheshimu. Mimi siwezi kuweka Dominika rehani kwa kipokezi. Kitufe kitaenda kwa Pi. Kinaomba, Pi inaamua.

Kijana amekubali shingo upande.

Jambo jingine nililobadilisha leo: Pi sasa inatuma moja kwa moja kwenye anwani ya kila kontrola. Mwaka jana ilikuwa inatangaza kwa wote kwa pamoja. Kwenye kebo matangazo ya hivyo hayana neno, lakini kwenye wayafai hurushwa kwa kasi ya chini na hakuna anayethibitisha kupokea, ndiyo maana nyota ilikuwa inakwamakwama.

Novemba 16

Siku ya waya. Aliyewahi kujenga Mwanza anajua: hapa huchimbi mtaro, unajadiliana na jiwe. Kutoka sakristia hadi kitufe ni kama mita 35, na mahali pa kupitisha kebo ni pamoja tu, ufa kati ya majabali mawili, ambamo tayari umelala waya wa umeme wa pampu ya maji. Tumepitisha kebo ya mtandao humo humo. Jozi moja ya nyaya zilizosokotwa ndiyo ya kitufe, nyingine ni akiba.

Pini za Pi, yaani miguu ya kuungia nyaya, ni za volti 3.3 na hazivumilii 5, kwa hiyo kwanza nimekiunga kitufe kwa njia rahisi kabisa: waya mmoja kwenye pini, mwingine kwenye graundi, na risista (kizuizi cha umeme) ya ndani ya Pi inaivuta pini juu. Kitufe kikibonyezwa, pini inashuka hadi sifuri na programu inaona. Mezani ilifanya kazi vizuri mno.

Jioni mlinzi akanipigia simu. "Fundi, umeacha mtu huku? Mishumaa inawaka yenyewe." Nikamuuliza kama kuna watoto. Hakuna. Nikamuuliza kama pampu imewashwa. Akanyamaza kidogo. "Ehe, imewaka sasa hivi, najaza tenki."

Novemba 19

Risista ya ndani ya Pi ni ya kama kilo-omu 50. Huo ni mvuto dhaifu. Kwenye waya wa mita 35 uliolala sambamba na waya wa motokaa ya pampu, kila pampu inapoanza kuna mshtuko unaorukia huku, na mshtuko mdogo tu unatosha kuishusha pini. Kebo imegeuka antena.

Kuna wanaoweka risista ndogo zaidi na kapasita na kuishia hapo. Inasaidia. Ila sisi tuko kando ya ziwa, na radi za Ziwa Victoria si za kusimuliwa, hasa za usiku wa manane kipindi hiki cha vuli. Sitaki waya mrefu ulio nje, juu ya mwamba, umalizikie kwenye tumbo la Pi. Nimeweka optokapla ya PC817, dude la miguu minne dogo kuliko punje ya hindi, linalopatikana kwenye maduka ya vipuri vya redio kule Makoroboi.

Kazi yake ni hii. Upande wa nje nimeweka mzunguko wake peke yake wa volti 12: umeme unatoka, unapita risista ya kilo-omu 1, unapita taa ndogo iliyomo ndani ya optokapla, unakwenda hadi kwenye kitufe na kurudi. Kitufe kikibonyezwa zinapita kama miliampea 11 na taa ile inawaka. Upande wa pili wa optokapla kuna transista inayoona mwanga huo na kuishusha pini ya Pi. Kati ya pande mbili hakuna waya, ni mwanga tu. Mshtuko wa pampu, ili uwashe ile taa, itabidi usukume miliampea kadhaa na si kupapasa tu. Na hizo miliampea 11 zina faida nyingine: zinasafisha midomo ya kitufe, ambayo kwa unyevu wa huku inashika kutu haraka ikipitishiwa umeme kiduchu.

Nimemwomba mlinzi awashe na kuzima pampu mpaka achoke. Mishumaa imetulia tuli.

Novemba 23

Watoto wa Utoto Mtakatifu wamekuja mazoezini, nikawaachia kitufe.

Mtu mzima anabonyeza mara moja, anarudi nyuma, anatazama. Mtoto anabonyeza kama anapiga ngoma. Amri niliyoiweka inaingiza mfuatano papo hapo, basi kila mbonyezo ulianzisha upya, na mshumaa ukabaki pale pale kwenye sekunde ya kwanza, unachomoza, unakatwa, unachomoza, unakatwa. Watoto wakafurahi sana. Wakadhani ndiyo kazi yake.

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko kwenye waya wote. Kitufe kikibonyezwa wakati onyesho linaendelea, kuna majibu matatu yenye akili: lianze upya, lipangwe foleni, au mbonyezo upuuzwe. Kuanza upya tumeona. Foleni ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuagiza dakika kumi za mishumaa na kwenda zake nyumbani. Nimechagua kupuuza. Sasa kitufe hakiiti mfuatano moja kwa moja, kinaita skripti fupi, yaani programu ndogo. Skripti inashika kufuli, alama kwamba onyesho linaendelea. Ikikuta kufuli limeshashikwa inajifia kimya. Kufuli linaachiwa baada ya sekunde 40, yaani nusu dakika ya mishumaa na sekunde kumi za kupumua. Hata ule mrukoruko wa midomo ya kitufe, ambao humfanya mtu abonyeze mara moja na pini ihesabu tatu, umemezwa humo.

Lakini mtoto akipuuzwa bila kuambiwa anabonyeza kwa nguvu zaidi, na kitufe kina umri wake. Kitufe hiki kina kofia ya plastiki inayopitisha mwanga, kwa hiyo nimechomoa taa yake na kuingiza ndani pikseli moja, ile ya kwanza kabisa kwenye mkanda wa mshumaa wa kwanza. Kontrola iko mita mbili tu kutoka hapo, data inafika bila shida. Chaneli zimekuwa 1,203, bado yunivasi tatu. Sasa rangi ya kitufe ni sehemu ya mfuatano wenyewe: kikiwaka nyeupe, bonyeza, kikizima, subiri. Sikuandika maelekezo yoyote ukutani. Binti wa miaka kama sita amewashika mikono wenzake: "Acheni, kimelala."

Novemba 30

Jumamosi, na kumbe ndiyo siku yenyewe. Mimi niliandika skripti ibadilishe wiki saa sita usiku. Katekista akaniuliza, "Mwanangu, Dominika inaanza lini?" Inaanza na masifu ya jioni ya Jumamosi. Watu wanakuja misa ya jioni, wanapita kwenye kitufe, na wana haki ya mshumaa wao. Dawa ni mstari mmoja: kabla skripti haijauliza tarehe, inajiongezea saa sita mbele. Saa kumi na mbili jioni kwake inakuwa tayari kesho.

Tumewasha vifaa saa kumi na moja na nusu. Kontrola za WLED huamka kwa sekunde chache, Pi inachukua muda. Katika huo muda mishumaa yote minne imewaka rangi ya chungwa, kwa sababu ndiyo rangi WLED inayoamka nayo usipoiambia vingine. Baba Paroko alikuwa anashuka kwenye gari.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Baba."

"Hii ni Majilio ya wapi?"

Nimeweka kontrola ziamke zimezimwa. Nimefanya na la pili: kuna mfuatano wa giza, chaneli zote sifuri isipokuwa kile kitufe, unaozunguka muda wote. Falcon Player isipokuwa na cha kucheza haitumi kitu, na WLED ikikosa data kwa sekunde mbili na nusu inarudia mambo yake yenyewe. Kwa hiyo giza nalo linachezwa. Mbonyezo unaliweka pembeni, mishumaa inapita, giza linaendelea pale lilipoachia.

Desemba 1

Mshumaa mmoja, zambarau, umebonyezwa kutwa. Usiku mwezi haupo, mitumbwi ya dagaa imetoka na taa zake, kule Ghuba ya Mwanza utadhani kuna mji mwingine. Na wadudu wa ziwani wamefumka. Aliyezaliwa huku hashangai: huja kama moshi, wanaingia puani, wanaingia kwenye chai. Wamejaa kwenye mshumaa mpaka mwanga umefifia, na asubuhi chini yake kuna lundo la kuzoa kwa koleo. Mwanga wenye bluu nyingi huwavuta zaidi, na zambarau bila bluu haipo. Nimepunguza bluu kidogo. Nimeziba kwa silikoni matundu ya boksi la kitufe, maana waliokwishaingia waligeuka uji kwenye nyaya.

Ung'avu wote uko asilimia 30. Pikseli hizi za volti 5 zikiwaka nyeupe kamili zinaweza kula miliampea 55 kila moja, ampea 5.5 kwa mshumaa mmoja. Kwa zambarau hii iliyopunguzwa mshumaa haufiki hata ampea moja. Wadudu nao ni hoja ya kutoongeza.

Tumechomoa kila kitu na kufungia sakristia hadi Jumamosi, kwa sababu ya radi na ya mikono mirefu.

Desemba 7

Wiki ya pili. Mtoto amebonyeza, umewaka mshumaa mmoja. Katekista akanitazama. Nikabonyeza mwenyewe baada ya kufuli kuachia. Mmoja.

Raspberry Pi ya kizazi hiki tulichonacho haina saa yenye betri. Ikizimwa inakumbuka saa ya mwisho iliyohifadhi, ikiwashwa inaendelea kutoka hapo, kisha inaitafuta intaneti ijirekebishe. Ruta yetu haina intaneti, na ni kwa makusudi. Kwa Pi, wiki nzima haikupita. Kwake bado ni Dominika iliyopita usiku. Nimeigawia intaneti ya simu kwa dakika moja, saa ikaruka, miwili ikawaka.

Hiyo ni ya leo. Ya kudumu ni saa ya DS3231 yenye kibetri cha kifungo, inakaa juu ya pini za Pi. Mjini nimeikosa, nimeagiza Dar, inakuja na basi.

Desemba 14

DS3231 imefungwa, Pi imewashwa bila mtandao wowote, tarehe ni sahihi.

Mshumaa wa waridi umesumbua kuliko nilivyotazamia. Kwenye skrini ya laputopu waridi ni waridi. Kwenye pikseli, ukiwa mita 20, waridi na zambarau ni ndugu wa tumbo moja, zote nyekundu na bluu zinabishana. Nimeongeza kijani kwenye waridi hadi ikaelekea rangi ya nyama ya samaki wa sangara, na zambarau nimeivuta upande wa giza. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamesimama njiani wakiniamuru, ongeza, punguza, rudisha. Sikubishana. Ni wao wanaoshona mavazi ya altareni.

Desemba 21

Minne. Hakuna la kuandika.

Desemba 24

Umeme umekatika saa mbili usiku, kanisa limejaa hadi nje kwenye mawe.

Hesabu ilishafanyika. Mishumaa minne ni kama wati 10, nyota kwa ung'avu huu haizidi 20, Pi na ruta na kontrola kidogo juu yake. Betri ya sola ya kigango, volti 12, inabeba hiyo usiku kucha ikipitishiwa kwenye kishusha volti. Tatizo lilikuwa kuhamisha pawa saplai gizani bila kuchanganya nyaya. Kijana wa VIWAWA alikuwa ameshaziwekea tepu nyekundu na nyeusi tangu mchana, bila kuambiwa. Spika za kwaya zikabaki kimya, wakaimba hivyo hivyo.

Baada ya misa foleni ya kitufe ilifika getini. Bibi mmoja alisubiri zamu yake kama wengine, akabonyeza, nyota ikawaka juu ya mwembe, akaniuliza, "Na mimi naruhusiwa tena?" Nikamwonyesha: "Bibi, kikiwa cheupe." Akarudi mwisho wa foleni.

Januari 5, 2025

Epifania. Nyota peke yake leo, mishumaa imeshashushwa. Kebo ya kwenye ufa imechubuka sehemu mbili inapogusa ncha ya jiwe, jozi ya akiba ndiyo imetuvusha wiki hii ya mwisho. Lazima iingizwe kwenye bomba.

Mwenyekiti ameuliza kama kitufe kinaweza kufanya kitu Pasaka, mshumaa mmoja mkubwa. Nimemwambia kinaweza, alete kwanza fedha ya bomba na kebo mpya. Amesema ataipeleka kwenye kikao cha jumuiya.